Springi za Mhunzi wa Mihoro

Mtu akikaa Bukoba muda wa kutosha atajifunza kwamba sisi watu wa huku hatununui vitu ili tuvitumie. Tunanunua ili jirani avione, na jirani akishaviona, kazi ya kitu imekwisha. Ndiyo maana siku mwanamume mmoja mwenye kitambi aliposhuka kwenye gari lake kubwa la vioo vyeusi pale gereji ya Kibeta, akasema anataka gari la marehemu baba yake lirudi kama lilivyokuwa, sikumuuliza lilikuwaje. Nilimuuliza sherehe ni lini.

Sherehe ilikuwepo. Misa ya kumbukumbu ya baba, kule Izigo, na baada ya misa yeye, mtoto wa kwanza wa kiume, akae kwenye kiti cha baba yake mbele ya ukoo kama mrithi. Alikuwa mstaafu aliyerudi kutoka Dar es Salaam na watu wote walimwita Mkurugenzi, ingawa sikuwahi kupata mtu wa kunieleza alikuwa anaongoza nini. Nilipomuuliza mwenyewe, alisema "mambo ya utawala", nikaona nisimwumize zaidi.

Mimi nauliza sana, ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu mwalimu wa fizikia alikataa kufungua redio ya shule tuone ndani kuna nini. Tangu hapo nimevua dagaa, nimekausha vanila, nimeuza senene, nimechimba visima, na kila mahali niliondoka siku nilipoelewa jinsi kazi inavyofanyika. Gereji ndiyo iliyonishika muda mrefu. Nilipanga chumba Kitendaguro na kila asubuhi nikawa natembea hadi Kibeta kwenda kulala chini ya magari ya watu.

Fundi mwenye gereji alikuwa Mwislamu wa mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na vitambaa vya kuuza. Vitambaa viliisha, majivuno yakabaki kwenye ukoo. Alikuwa fundi bodi, mnyooshaji, na hakuna mtu mjini aliyeweza kumshinda kwa nyundo, jambo alilolisema mwenyewe kabla hujaketi. Mambo ya chini ya gari aliyadharau. Shokapu, bushi, springi, hayo aliyaita matumbo, na mtu wa heshima hashiki matumbo. Matumbo yakawa yangu.

Tulienda Izigo na lori kulichukua. Lilikuwa kwenye kibanja, shamba la nyumbani la familia, chini ya kibanda cha mabati katikati ya migomba. Gari dogo la Kiingereza la zamani, milango miwili, uso wa mviringo, taa mbili zimetokeza kama macho ya chura aliyekanyagwa. Kuku walikuwa wamelifanya wodi ya uzazi. Madigadi yalikuwa yameliwa na kutu hadi ungepitisha ngumi, na sakafu ya upande wa dereva haikuwepo kabisa. Mkurugenzi alilizunguka akilipiga picha kwa simu na kuzituma kwenye kundi la familia, na majibu yakaanza kuingia kwa mlio: wa Mwanza analia, wa Dodoma analia, wa ng'ambo analia kwa Kiingereza.

Mimi nilijilaza chali nikaingia uvunguni. Gari la aina hii nyuma hubebwa na springi za vyuma vyembamba virefu vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, na bolti moja inavishika katikati. Bolti nilizikuta zimewekwa vizuri juu ya jiwe. Vyuma havikuwepo hata kimoja. Ekseli ilikuwa imekaa juu ya mawe kama sufuria juu ya mafiga.

Nilipotoka na kuwaeleza, ndugu wote waliokuwa pale walishangaa kwa pamoja kama kwaya. Baba mdogo mmoja alisema ni kutu. Mwingine akasema ni wanunuzi wa vyuma chakavu, watu wabaya sana wale. Wa tatu, ambaye alikuwa amekunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi, akasema panya. Nilimuuliza panya gani anayefungua bolti na kuzipanga, akanijibu kwamba mimi ni mgeni, panya wa Izigo siwajui.

Mama yake Mkurugenzi alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi, na hakushangaa pamoja na wenzake. Alikuwa bibi mdogo, mkavu, mwepesi kama kapu tupu. Nilikwenda kuomba maji ya kunawa. Pembeni yake ulilala muhoro, kile kisu kilichopinda cha kukatia majani ya migomba ambacho kila nyumba ya huku inacho. Niliuokota, kwa sababu siwezi kuona kitu nisikiokote. Ulikuwa mzito, chuma kizuri, na karibu na mpini palikuwa na tundu la duara.

"Bibi, hili tundu ni la nini?"

"La bolti," akasema, akaendelea kumenya.

Alinieleza bila kuona haya na bila kushusha sauti. Mzee macho yalipofifia, gari lililala. Mwaka wa kwanza likalala, mwaka wa pili likalala, na huku migomba inahitaji kupunguzwa majani na mihoro imekwisha makali. Akamwita mhunzi. Springi zile zilitoa mihoro ya ukoo mzima. Hao waliokuwa wanashangaa pale uwanjani, kila mmoja alikuwa na kipande cha gari ukutani kwake.

Kisha aliniambia jambo lililomkaa moyoni. Mume wake alikuwa karani wa kahawa, na gari lile lilikuwa la kwanza kijijini. Kiti cha mbele, karibu na dereva, kilikuwa cha padri. Pasipo padri, cha mgeni wa serikali. Pasipo mgeni, kilikuwa cha koti la mzee, lililokunjwa vizuri lisipate mikunjo. Yeye alikaa nyuma na mikungu ya ndizi, na mikungu ikiwa mingi alitembea kwa miguu. Mara moja aliomba akae mbele, siku ya ubatizo wa mtoto huyohuyo aliyekuwa sasa anapiga picha, na mumewe akamjibu kwamba atachafua kiti.

"Sasa nataka kukaa mbele," alisema. "Siku ya misa yake. Nitoke hapa nimekaa mbele mpaka kanisani. Mwambie mwanangu."

Nikamwambia mwana ni wake, amwambie mwenyewe.

"Nimemwambia. Amesema hakuna mkanda." Alitupa ganda kwenye kapu. "Kijana, mimi nilikata springi zake. Hamu sikuikata."

Tulilipakia gari kwenye lori pamoja na kuku mmoja aliyekataa kutoka, tukarudi Kibeta.

Sitamdharau fundi mahali asipostahili. Kazi ya bodi aliifanya mpaka ungependa kukaa kuitazama. Alikata kutu yote kwa patasi mpaka gari likabaki kama jani lililoliwa na viwavi. Akapasua mapipa ya mafuta, akayanyoosha, akakata viraka vya sakafu na kuvichomelea kimoja kimoja. Kwenye madigadi alishika kipande cha reli kwa ndani na nyundo ya mbao kwa nje, akagonga polepole huku amefumba macho, akisikiliza kwa vidole mahali palipobonyea. Juu ya paa palikuwa na bonde lililotokana na miaka ya kubeba mikungu, akaliinua bila kuacha kovu. Mpaka hapo nilimheshimu. Baadaye akafungua pati, ule udongo wa kuziba mabonde kabla ya rangi, na mwenye pati mkononi hajui pa kuishia. Alilipaka gari pati kama mwali anayepakwa kwa mara ya kwanza, akasugua kwa msasa na maji, akapaka tena, akasugua tena. Nilimuuliza kama anatengeneza gari au chungu. Alinijibu kwamba mimi nina mdomo wa mtu asiyemaliza shule, na alikuwa na haki.

Mkurugenzi alikuja kila wiki kuangalia rangi. Alitaka nyekundu ya kung'aa. Mama yake alikuwa amesema gari lilikuwa la kijivu, kijivu cha panya, na tulipokwangua chini kabisa tulikuta kijivu hichohicho. Mkurugenzi alikitazama kijivu cha baba yake kwa huruma, kisha akasema baba alikuwa mtu wa mbele, angeishi mpaka leo angechagua nyekundu. Akaagiza viti vya ngozi, honi ya sauti tatu, na vikombe vya kung'aa vya kufunika rimu.

Mimi huku chini nilishughulika na matumbo. Shokapu za mbele zilikuwa zimekauka, nikapata nyingine za gari jipya zaidi nikazibadilisha vichwa zikaingia. Bushi zilikuwa zimegeuka unga, nikachonga mpya kutoka kwenye tairi la lori, kwa kisu na sabuni, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mbele pakawa pazuri. Ukisukuma boneti, gari linainama na kurudi lenyewe, mara moja, kama mtu anayeitikia salamu. Nyuma palikuwa bado juu ya magogo. Nilimweleza Mkurugenzi kwamba springi za gari kama hili zinaweza kutafutwa Mwanza au Kampala, na kwamba bila springi anachotengeneza ni kabati lenye taa. Akanipiga begani.

"Springi hazionekani kwenye picha," akasema. "Tafuteni za hapahapa."

Za hapahapa maana yake ilikuwa mhunzi yuleyule wa Muleba aliyezigeuza za kwanza kuwa mihoro. Mtu akishajua kwenda, walisema, anajua kurudi.

Nilifanya naye kazi siku nzima, na ilikuwa mojawapo ya siku nzuri za maisha yangu. Alikuwa mzee wa mikono mikubwa aliyejua chuma kwa rangi yake tu kikiwa motoni. Alichukua springi zilizokufa za lori, akazipasua kwa urefu, akazigonga mpaka zikawa nyembamba, akazipinda kufuata kipande cha ubao nilichomchorea. Watu walikusanyika. Halafu akafanya lile ambalo amelifanya maisha yake yote. Alikipasha kila chuma moto mpaka kikawa chekundu kama pilipili, akakitumbukiza kwenye maji ya baridi, kikalia, akakitoa, akakipitisha motoni kidogo tu, akakitumbukiza tena. Ndivyo muhoro unavyopata makali yanayodumu. Kisha akakipima. Alikiinua juu, akakipiga kwenye kisiki cha mti wa kahawa, kikazama kisikini na kutoa mlio kama kengele. Waliokuwepo wakashangilia.

Nilimuuliza kama chuma kinachotakiwa kupinda na kurudi kinatakiwa kuwa kigumu kiasi hicho. Aliweka nyundo chini.

"Umewahi kuona mtu anarudisha muhoro kwa sababu ni mgumu?"

Sikuwahi. Hakuna duniani aliyewahi. Springi zile zingefyeka kibanja kizima bila kunolewa, na nilizibeba hadi Kibeta nikizipapasa njia nzima. Nilizifunga chini ya gari. Nikasukuma nyuma kwa nguvu zangu zote, gari halikuinama hata unywele. Nilimwita fundi aje naye asukume. Akasukuma kwa kidole kimoja, asiharibu rangi, akafurahi.

"Imara," akasema. "Wallahi, imara."

Nikamwambia springi isiyocheza si springi. Akaniuliza mimi ninataka gari au godoro.

Hata hivyo nilimwambia Mkurugenzi. Nilimwambia nyuma pamekaza kupita kiasi, siku hiyo gari lipakie mtu mwepesi, na mtu mwepesi kuliko wote katika ukoo wao ni mama yake, amweke mbele na yeye mwenyewe atangulie na gari kubwa. Alinijibu kwa Kiingereza, lugha ambayo wasomi wetu huitumia wanapotaka mazungumzo yaishe. Nilielewa neno la usalama na neno la programu. Programu ilikuwa hivi: mimi niendeshe, kwa kuwa nilizijua gia zake, nimevaa shati jeupe. Yeye akae mbele kushoto kwangu, dirisha wazi, mkono nje. Mama akae kwenye gari kubwa na mashangazi, kwenye kiyoyozi, maana mama ni mama.

Siku ikafika. Jumamosi ya mawingu, barabara ya kijiji imelowa. Fundi naye alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kuona watu wanavyoona kazi yake, na kwa kweli waliiona. Gari jekundu kati ya migomba lilionekana kama kidonda kipya. Watoto wa ukoo kutoka mijini walijipanga kulipiga picha, na baba wadogo wakalishika boneti kwa upole, hao hao wenye mihoro ukutani. Bibi alitolewa ndani amevaa gauni la zambarau na kilemba kipya. Alipita mbele ya gari dogo, akasimama kidogo karibu na mlango, na mashangazi wakamshika mikono wakampeleka kwenye gari kubwa. Aliniangalia tu, na mimi nikaangalia usukani.

Mkurugenzi aliingia. Gari halikushuka chini ya uzito wake hata kidogo, akafurahi. Simu zikainuliwa, vigelegele vikapigwa, nikaondoka kwa gia ya kwanza. Kwenye kutokea uwanjani kuna mtaro wa maji, si mkubwa, mbuzi anauruka bila kufikiri. Gurudumu la mbele likaingia na kutoka vizuri, bushi zangu zikafanya kazi. La nyuma likaingia. Tukasikia mlio kama chungu kinachoanguka sakafuni, kisha wa pili, na Mkurugenzi akawa amelala juu ya mlango wake anatazama mbingu.

Alidhani ni pancha. Nilitoka nikachungulia. Springi ya upande wake ilikuwa imekatika vipande, vyuma vitatu, safi kama glasi, hakuna kilichopinda. Bodi ilikuwa imekalia tairi, na rangi ya fundi imechubuka kwenye digadi. Fundi alifika mbio ameshika kanzu, akapiga magoti kwenye tope mbele ya ule mchubuko, na kwa muda mrefu ndiye mtu pekee aliyekuwa na msiba pale.

Kengele ya kanisa ililia. Padri hakuwa mtu wa kusubiri, alikuwa na misa nyingine kigango cha mbali. Mkurugenzi alitazama viatu vyake, akatazama saa, akaenda kwenye gari kubwa. Gari kubwa lilikuwa limejaa. Mashangazi walikuwa wamekaa wakijibana na sherehe zao zote, na hakuna aliyeonekana kuwa na nia ya kutembea na kilemba kipya kwenye tope. Mrithi alisimama mlangoni bila kiti.

"Mimi nitashuka," mama yake akasema.

Akamwambia hapana, mama, haiwezekani. Alisema hivyo huku amekwisha kuweka mguu mmoja ndani. Bibi akashuka, akakunjua gauni, na gari kubwa likaondoka na mrithi katikati ya shangazi zake wawili, magoti yamefika kidevuni.

Bibi akaja akasimama karibu nasi.

"Linatembea au halitembei?"

Nilimwambia linaweza kutembea likibeba mtu mwepesi. Tuliazima panga na jeki kwa jirani, tukaliinua, tukakata gogo fupi la mti mgumu, tukalichomeka kati ya ekseli na bodi, tukalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, raundi nyingi, mpaka likashika. Hiyo ndiyo springi iliyobaki upande ule. Fundi alisaidia huku amegeuza uso, kwa sababu gogo lilikuwa linagusa mahali alipopaka pati. Kisha nikamfungulia bibi mlango wa mbele. Alikaa, akaweka mikono mapajani, akavuta pumzi.

Tulikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Bodaboda zilitupita, na fundi alitembea nyuma yetu kuangalia gogo. Bibi alisalimia kila nyumba. Kila tulipopita waliokuwa wanapalilia kahawa, alitoa mkono dirishani, "Waitu," salamu ya heshima ya Kihaya, na wao wakasimama wima na majembe yao kumwangalia. Lakini gogo halina huruma. Kila jiwe la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Baada ya kilima cha kwanza alishika kiuno.

"Kumbe huku mbele ndivyo kulivyo?" akasema. "Alikuwa ananinyima hiki?"

Nilimuuliza kama anataka nisimame apumzike, au nimwite mwenye bodaboda amfikishe taratibu.

"Endesha, mjukuu."

Tulifika misa imekwisha kuanza. Nilitaka kuegesha pembeni, chini, tusiwasumbue watu. Akaninyooshea kidole mpaka mlango mkubwa. Wanaume wanaosali wakiwa nje, ambao kila parokia inao, waligeuka wote, na mmoja akaingia ndani. Mkurugenzi akatoka ameinamisha kichwa kama anayekwenda kukomunika, akanitazama vibaya, akashika kitasa cha mlango. Mlango ukagoma. Gogo lilikuwa limeipinda bodi, na ile kazi nzuri ya fundi ilikuwa imebanana. Akavuta kwa mkono mmoja, akavuta kwa yote miwili, suti ikampanda mabegani.

"Vuta taratibu, mwanangu," mama yake akamwambia kupitia dirishani. "Rangi bado mpya."

Ndani, msomaji alikuwa amefika kwenye majina ya marehemu wanaoombewa, na spika ya mlangoni ilitufikishia yote. Jina la mume wake likasomwa, pamoja na cheo chake cha karani. Bibi akamwonyesha mwanawe kwa kidole kwamba aache kuvuta kwanza. Akajiegemeza vizuri kwenye kiti, akafanya ishara ya msalaba bila haraka, na akabaki amekaa palepale.